UZI: Njia ya droni ya kusaka vilipuzi kando ya barabara. Anzia kwenye pikseli, ramani baadaye

#1 Dira_ya_Tudor

Assalaam aleikum wanajukwaa. Naleta hesabu ya zoezi, naomba muikague kabla haijafika kwa mkufunzi.

Zoezi ni la kusaka vitu vilivyotegwa kando ya barabara kwa kutumia droni. Hakuna kilipuzi chochote uwanjani. Shabaha ni madumu ya lita 5, sufuria kuukuu na vipande vya mbao vya upana wa sentimita 20 hivi, baadhi vimefukiwa. Uwanja uko Kwale, upande wa Samburu. Barabara tatu za vumbi zinakutana njia panda moja: mkono A una kilomita 3, B kilomita 2, C kilomita 4. Jumla kilomita 9. Kibali cha kurusha na cha mwenye ardhi vipo.

Droni ni ya mapanga manne. Sensa ya kamera ni milimita 13.2 kwa 8.8, lenzi milimita 8.8, pikseli 5472 kwa 3648. Inapiga picha moja kila sekunde 2, haiwezi kwenda kasi zaidi ya hapo. Betri ninazo 5, kila moja imeandikwa dakika 30.

Mpango wangu: kimo mita 30, mwendo mita 8 kwa sekunde, mstari mmoja katikati ya barabara. Mita 9,000 kugawa kwa 8 ni sekunde 1,125, yaani chini kidogo ya dakika 19. Betri mbili zatosha na tatu zinabaki za akiba. Kuna kasoro wapi?

#2 JichoLaKipanga

Waalaikum salaam. Kasoro iko mwanzoni kabisa, kaka. Umeanza na ramani na saa, kisha ukaipachika kamera mwishoni. Kazi hii huanzia kwenye pikseli: kitu kina upana gani, kikae pikseli ngapi, kwa hivyo kimo gani, kwa hivyo mwendo gani, halafu ndio betri. Njia inatoka mwisho.

Tuifanye hesabu yako. Pikseli moja ya sensa ni milimita 13.2 kugawa kwa 5472, yaani maikromita 2.41. Ukubwa wa pikseli ardhini ni hiyo mara kimo, kugawa kwa urefu wa lenzi. Kwa mita 30 unapata sentimita 0.82. Kitu cha sentimita 20 kinakaa pikseli 24. Hapo uko vizuri.

Sasa picha moja kwa mita 30 inafunika mita 45 kwa 30. Ukiiweka kamera upande mrefu ukatishe barabara, mbele unapata mita 30. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde na picha kila sekunde 2, picha na picha zinaachana mita 16. Zinafunikana asilimia 47 tu. Programu ya kushona picha itakupa ramani yenye mashimo, na palipo na majani mengi haitashona kabisa. Unataka 75 hadi 80.

Na ukungu wa mwendo: shata (muda ambao kamera inafunguka kupiga picha) ikiwa 1/500 ya sekunde, droni inasogea milimita 16 wakati picha inapigwa. Pikseli yako ni milimita 8. Umeshafuta nusu ya ulichokilipia. Kanuni ya mezani ni kwamba droni isisogee zaidi ya nusu ya pikseli shata ikiwa wazi. Kwa mita 4 kwa sekunde na shata 1/1000 inasogea milimita 4. Hapo sawa.

#3 Dira_ya_Tudor

Kwa hiyo kwa mita 30 na kufunikana 80, picha ziachane mita 6, mwendo uwe mita 3 kwa sekunde. Basi betri zitakwisha zote!

#4 JichoLaKipanga

Ndiyo. Ndio maana hesabu hufanywa mezani.

#5 MwanaMakupa

Naongezea kwenye hilo la pikseli 24, watu wasije wakaridhika mapema. Kipimo kinachotumika tangu 1958 ni cha John Johnson wa jeshi la Marekani. Alipima jozi za mistari zinazohitajika kwenye upana mdogo wa kitu: jozi 1 kugundua kwamba kuna kitu, 4 kutambua ni kitu cha aina gani, 6.4 kukijua chenyewe. Jozi moja ni pikseli 2, kwa hiyo ni 2, 8 na 13 hivi. Lakini namba hizo ni za uwezekano wa nusu kwa nusu, na mtazamaji akiwa anaangalia kitu kilichojitenga na mazingira yake. Kando ya barabara ya Samburu kuna chupa, vifuu, mifuko, mawe, mizizi, magurudumu yaliyopasuka. Zidisha mara mbili. Pikseli 16 hadi 20 kwenye kitu cha sentimita 20 ndipo pa kuanzia.

Halafu mara nyingi hukioni kitu chenyewe. Unachoona ni ardhi iliyoguswa: rangi imebadilika, kuna mwinuko mdogo, kuna alama za kukokota. Hayo hayafuati kipimo cha Johnson, yanafuata mwanga. Kivuli cha kitu cha kimo cha sentimita 10 jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo ni sentimita 17. Jua likipanda nyuzi 60 kinabaki chini ya 6. Pwani hii jua linapita utosini kabisa siku za karibu 10 Machi na 3 Oktoba, kwa hiyo ukirusha adhuhuri miezi hiyo mwinuko wote unapotea. Saa mbili u nusu asubuhi jua liko nyuzi 30 na kidogo. Hapo mwinuko wa kiganja unajitokeza wenyewe.

#6 BiRamani

Hakuna aliyesema lililo kubwa zaidi: picha za msingi. Picha moja ya barabara haikwambii kipya ni kipi. Kila barabara ina viraka na mashimo yaliyofukiwa. Unarusha mara ya kwanza barabara ikiwa inajulikana ni salama, unaweka ramani hiyo kabatini, kisha kila safari unalinganisha nayo. Swali linabadilika kutoka "hiki ni nini?" kuwa "hiki jana hakikuwapo".

Ila kulinganisha kuna masharti, na yote yanaingia kwenye mpango wa njia:

Saa ileile. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa moja. Ukichelewa saa moja vivuli vyote vimehama na programu itakupigia kelele kwenye kila kichaka.

Njia ileile na mwelekeo uleule. Kitu chenye kimo, mathalan mti wa mita 3, kikipigwa picha kutoka pembe nyingine kinaegemea upande mwingine, na tofauti inahesabiwa kama badiliko. GPS ya kawaida inakosea mita 2 au 3. Ukiwa na RTK, yaani GPS inayosahihishwa papo hapo na kituo cha ardhini, inashuka hadi sentimita 2 au 3 na droni inapita palepale. Kama huna, weka alama za ardhini: vibao vya nusu mita kwa nusu mita, rangi nyeusi na nyeupe, kila mita 300 au 400 zikipishana kulia na kushoto. Usiziweke zote kwenye mstari mmoja katikati ya barabara, ramani itapinda kama mkeka ulioanikwa upande mmoja.

Na mvua. Mvua ikinyesha baada ya picha za msingi, rudia picha za msingi. Hakuna njia ya mkato hapo.

#7 Kusi_la_Nyali

Swali kwa bi: saa ileile, njia ileile, kila siku. Kwa zoezi sawa. Kwa kazi ya kweli si umemwandikia ratiba yule anayetega?

#8 BiRamani

Kweli kabisa, na ndio mvutano wa kazi hii. Dawa yake ni kuwa na seti mbili au tatu za picha za msingi kwa saa tofauti, asubuhi na alasiri, halafu unachagua siku hiyo utumie ipi. Mahali pa kurushia pia pabadilike. Gharama yake ni safari za ziada mwanzoni, si kila siku.

#9 Mwalimu_wa_Vipeo

Nije kwenye njia yenyewe. Watu wengi hufungua programu, wakachora kisanduku juu ya uwanja na kuipa droni ilime kama trekta, mistari ya kwenda na kurudi. Hiyo ni sawa kwa shamba. Barabara si eneo, ni mstari, na mtandao wa barabara ni vipeo (njia panda na ncha) na kingo (barabara zinazoviunganisha). Hesabu yake ni ile ya mtu wa posta: apite kila mtaa angalau mara moja, atembee kidogo iwezekanavyo. Iliwekwa na mwanahisabati Mchina Kwan Mei-Ko mwaka 1960, ndiyo maana inaitwa tatizo la mpeleka barua wa Kichina.

Kanuni: ukiweza kupita kila ukingo mara moja tu na kurudi ulikoanza, lazima kila kipeo kiwe na idadi shufwa ya kingo. Njia panda yako ina kingo 3, na kila ncha ina 1. Vyote ni witiri. Kwa hiyo mstari mmoja katikati, alioupanga Dira, lazima urudie njia bila kupiga picha ya maana, au uruke juu ya pori kutoka ncha ya A hadi ncha ya C. Hukuihesabu safari hiyo. Ulihesabu kilomita 9 kana kwamba droni inajitokeza yenyewe mwanzo wa kila mkono.

Lakini ona uzuri wake: ukipanga mistari miwili, mmoja kila upande wa barabara, kila ukingo unahesabika mara mbili na vipeo vyote vinakuwa shufwa papo hapo. Unakwenda upande wa kushoto, unageuka, unarudi upande wa kulia. Hakuna hata mita moja ya bure. Kilomita 18 zote zina kazi.

#10 Dira_ya_Tudor

Mwalimu, kwani mstari mmoja si unafunika mita 45? Barabara yenyewe ina mita 7.

#11 MwanaMakupa

Inafunika, lakini kwa jicho la juu tu. Mistari miwili inakupa kila kichaka kutoka pande mbili. Kilichojificha chini ya tawi upande wa kushoto kinaonekana kutoka kulia. Tena ramani yenye mistari miwili hainyumbuki.

#12 FundiMapanga

Basi tuweke namba za mwisho, maana hapa kuna kimo cha kuamua. Pwani usirushe mita 30 bila kuangalia miti. Mnazi mrefu unafika mita 20 na zaidi, na nguzo za umeme wa msongo mkubwa zinapita huko. Panda mita 40.

Kwa mita 40: pikseli ardhini sentimita 1.10, kitu cha sentimita 20 kinapata pikseli 18. Picha inafunika mita 60 kwa 40. Kufunikana mbele asilimia 80 ni picha kila mita 8, na kamera ya sekunde 2 inakupa mwendo wa mita 4 kwa sekunde. Mistari miwili iachane mita 24, yaani mita 12 kila upande wa katikati ya barabara. Ubavuni zinafunikana asilimia 60, na upana wote uliopigwa ni mita 84.

Betri: dakika 30 za kwenye kasha ni za droni iliyoning'inia hewani bila upepo, betri mpya. Weka asilimia 30 isiguswe, ondoa joto na umri wa betri, hesabu dakika 18 za kazi. Sekunde 1,080 mara mita 4 ni kilomita 4.3. Kupanda, kugeuka na kutua kunakula sekunde 45 hivi. Kwa hiyo safari moja ya kwenda na kurudi ni kilomita 2 za barabara: sekunde 1,000 za mstari na 45 za mengineyo. Inabaki nusu dakika. Ni finyu lakini inaingia.

Sasa gawanya. B kilomita 2, betri 1. A kilomita 3, vipande viwili vya 1.5, betri 2. C kilomita 4, vipande viwili vya 2, betri 2. Jumla 5. Kwa mita 30 na mwendo wa mita 3 ingekuwa betri 7, kwa sababu kila betri isingefika hata kilomita 1.6 ya barabara. Hizo mita 10 za kimo zimekuokolea betri mbili, na pikseli bado zinatosha.

#13 Kusi_la_Nyali

Na upepo? Vitabu vingi vinasema ukienda mita 10 dhidi ya upepo wa mita 6 unabaki na 4, ukirudi unapata 16, na muda wote unaongezeka.

#14 FundiMapanga

Hiyo ni ya ndege inayoshika mwendo wa hewani. Droni ikiwa kwenye njia iliyopangwa inashika mwendo wa ardhini. Ukiiambia mita 4, inakwenda 4 ikipingana na upepo na 4 ikisukumwa. Saa haibadiliki, umeme ndio unaobadilika. Dhidi ya kusi la mita 6 mapanga yanafanya kazi ya mita 10 hewani, na kwa droni nyingi za mapanga manne hapo matumizi bado hayajapaa. Yanapaa ukivuka hapo. Kinachokumaliza ni upepo wa mapigo: droni inainama, kamera inarekebisha, picha moja kati ya tano ina ukungu.

Kanuni ya kurusha inabaki ileile ya mvuvi: anza kwa kupingana na upepo, urudi nao. Betri ikipungua iwe inakusukuma nyumbani. Julai kusi likikaza, maliza kabla ya saa nne asubuhi.

#15 Mteguzi_Bara

Nasoma mgawanyo wa #12 nakuta jambo la hatari. Mkono A vipande viwili, C vipande viwili. Kipande cha pili unarushia wapi? Mmepanga kikosi kitembee hadi kilomita 1.5 au 2 ndani ya barabara ambayo bado haijakaguliwa.

Kwa zoezi la madumu hakuna neno. Lakini mkifunza hivyo, ndivyo watakavyofanya. Mpangilio sahihi: rusha kutoka njia panda, rudi, picha zisomwe, mwenye mamlaka ya kutegua aseme kipande hicho kinapitika, ndipo kikosi kisogee. Kila mahali pa kurushia pawe ndani ya ardhi iliyokwisha kukaguliwa. Njia ya droni na njia ya watu zipangwe kwenye karatasi moja.

Jingine: sheria. Kanuni za vyombo vya anga visivyo na rubani za Kenya za 2020, chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, zinaweka kimo cha juu futi 400 kutoka ardhini na umbali wa mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyohusika. Viwanja vikubwa vya ndege vina kilomita 10, vidogo 7. Hesabu hiyo inafunika sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa kwa sababu ya uwanja wa Moi, kwa hiyo msijaribu mistari yenu Tudor wala Makupa. Na kurusha mbali na upeo wa macho ni kibali chake peke yake. Droni ndogo ukishavuka mita 500 huioni tena, hata ukikodoa macho. Kilomita 2 za #12 zinahitaji kibali hicho. Bila hicho ni vipande vya mita 500, au watazamaji wenye redio waliopangwa njiani, nao wakae kwenye ardhi iliyokaguliwa.

#16 Dira_ya_Tudor

Kibali cha mbali na macho kipo kwa uwanja huu, nitakiambatisha. La kikosi kusogea nimeliona, nashukuru.

#17 JichoLaKipanga

Kuna mtego wa ardhi bado. Kimo cha mita 40 ni kutoka wapi? Programu nyingi huhesabu kutoka pale droni iliporuka. Barabara za Kinango na Samburu zinapanda na kushuka. Tuseme mkono C unapanda mita 15 kutoka njia panda: droni sasa iko mita 25 juu ya ardhi, mbele zinafunikana asilimia 68, ubavuni 36. Ramani inaanza kuvunjika. Na miti nayo imesogea mita 15 karibu na mapanga.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Barabara ikishuka mita 15 kwenye mkondo wa maji, droni iko mita 55, pikseli imekua sentimita 1.5, dumu lako limebaki na pikseli 13. Na huko chini ndiko kuliko na kalavati. Pahali unapotaka jicho kali kuliko pote ndipo unapopata jicho butu.

Washa kufuata ardhi. Data ya SRTM (vimo vya ardhi vilivyopimwa kutoka angani, nukta moja kila mita 30) yatosha kwa umbo la jumla lakini haiujui mti mmoja mmoja wala daraja dogo. Ukishakuwa na picha za msingi, tengeneza umbo la ardhi kutoka humo humo, safari za pili zifuate hilo. Angalia pia kimo chako kimehesabiwa kutoka usawa wa bahari au kutoka duaradufu ya GPS, lile umbo laini la dunia ambalo GPS hupimia. Tofauti yake pwani hii ni makumi ya mita, na ikikosewa kuelekea chini droni inaingia mtini.

#18 MwanaMakupa

Kwa kalavati picha ya kutoka juu haifai hata ikiwa mita 10. Inaona paa la kalavati, haioni mdomo. Kila kalavati ipewe kipande chake cha njia: kimo mita 20, kamera ilalie nyuzi 45, mdomo wa juu kisha mdomo wa chini, droni ikae upande wa mkondo na isikae juu ya barabara. Sekunde 90 kwa kalavati moja.

#19 FundiMapanga

Mkono C una kalavati 6? Hiyo ni dakika 9. Haiingii kwenye nusu dakika iliyobaki. Betri ya 6.

#20 Dira_ya_Tudor

Nilianza na betri mbili 😅

#21 Mwalimu_wa_Vipeo

Ukishakuwa na betri moja ya ziada, swali ni uitumie wapi. Watu huipeleka kwenye kipande ambacho hakijapitiwa, na mara nyingi wanakosea.

Nadharia ya usakaji ilianzia kwa Bernard Koopman, jeshi la majini la Marekani, vita vya pili vya dunia, wakisaka nyambizi. Wazo: kila kipande kina uzito wa kuwa na kitu, na kila safari ina uwezekano p wa kukiona kama kipo. Tuseme p ni 0.6. Kipande X, chenye makalavati na kona, kina uzito 8. Kipande Y, uwanda mweupe, kina uzito 2. Safari ya kwanza X inaleta 8 mara 0.6, yaani 4.8. Ya pili X: kilichobaki ni 8 mara 0.4, mara 0.6, yaani 1.92. Ya kwanza Y ni 1.2. Kwa hiyo X inastahili kupitiwa mara ya pili kabla Y haijaguswa hata mara moja. Ya tatu X inaleta 0.77 tu, hapo ndipo zamu ya Y. Mpangilio ni X, X, Y, X.

Safari mbili zenye p ya 0.6 zinakupa 0.84, tatu zinakupa 0.936. Ila hiyo ni kama safari hazitegemeani! Ukipita njia ileile, saa ileile, pembe ileile, kichaka kilichokuziba mara ya kwanza kitakuziba ya pili. Hesabu inasema 0.84, ukweli unabaki karibu na 0.6. Safari ya pili ya X iwe ya kamera iliyolala, au kutoka upande mwingine, au ya kamera ya joto.

#22 Kusi_la_Nyali

Kamera ya joto ipangiwe vipi? Njia ileile?

#23 MwanaMakupa

Hapana, njia yake mwenyewe. Kamera ya joto ya kawaida ina pikseli 640 kwa 512, kila moja maikromita 12. Kwa lenzi ya milimita 13.5 na kimo cha mita 30 pikseli ardhini ni sentimita 2.7, mara mbili na nusu ya kamera yako ya rangi kwa mita 40. Na upana wa picha ni mita 17 tu. Mistari miwili iliyoachana mita 24 ingeacha ukanda mtupu katikati, yaani barabara yenyewe.

Saa nayo ni yake. Ardhi iliyochimbwa hushika na kuachia joto tofauti na iliyoshindiliwa, lakini mara mbili kwa siku, asubuhi baada ya jua kutoka na jioni linapozama, joto la vyote viwili linakutana na picha inakuwa tambarare. Ukirusha dakika hizo umepoteza betri. Chuo cha Binghamton, Marekani, kilitumia tofauti hizi za kupoa na kupata joto kutafuta mabomu madogo ya plastiki aina ya PFM-1, na shirika la Humanity & Inclusion wametumia droni za joto jangwani kaskazini mwa Chad. Jangwa ni kavu na halina majani. Pwani yenye nyasi na umande usitegemee matokeo ya Chad.

Sumaku: uga wa kitu kidogo cha chuma hupungua kwa mchemraba wa umbali. Kutoka mita 1 hadi mita 2 ishara inashuka mara nane. Kwa hiyo kipimasumaku kinataka kuruka mita 1 au 2 kutoka ardhini, kikining'inia chini ya droni mbali na mota. Kando ya barabara yenye vizibo vya soda na misumari, utapata ishara hewa mpaka uchoke.

#24 Mteguzi_Bara

Droni hizi hazinusi. Ndio maana panya wa shirika la APOPO pale Morogoro, waliofunzwa kunusa vilipuzi, bado wana kazi.

#25 BiRamani

Tumesahau mtu wa kuzisoma picha. Kilomita 18 kugawa kwa mita 8 ni picha 2,250. Mtu akiangalia kila moja sekunde 20 tu, ni saa 12 na nusu. Hakuna jicho linaloweza. Likifika saa moja mfululizo linaanza kuruka vitu. Kwa hiyo kabla hamjaongeza betri ya 7, pangeni meza: wasomaji watatu, zamu za dakika 30, kila kipande kisomwe na wawili wasioulizana. Programu ya kulinganisha ichuje kwanza, msomaji aangalie palipobadilika.

Na kila safari ipakuliwe na kusomwa kabla ya inayofuata kurushwa. Hiyo inakubaliana na alichosema Mteguzi: kikosi kisisogee mpaka picha zisomwe. Kama kusoma kipande kunachukua saa mbili, basi muda wa zoezi lako ni wa meza. Droni inasubiri.

#26 Mteguzi_Bara

Lugha ya ripoti: msiandike "barabara ni salama". Andikeni "hakuna kilichoonekana", kwa kamera gani, kimo gani, saa ngapi. Droni haisafishi barabara. Kikionekana kitu: viwianishi, picha mbili za pembe tofauti, wakati, basi. Droni isishuke kutazama karibu, wala isitue hapo, na mtu asitembee kuhakikisha. Watu warudi kwa njia waliyojia, barabara ifungwe pande zote mbili, ipigwe 999 au 112, kikosi cha kutegua kichukue.

Na kwenye zoezi andikeni shabaha zote mlizoziweka na mzikusanye jioni. Dumu lililosahaulika porini wiki ijayo ni taharuki ya kijiji kizima.

#27 Dira_ya_Tudor

Mpango mpya. Kimo mita 40 kwa kufuata ardhi, mwendo mita 4, shata 1/1000, mistari miwili iliyoachana mita 24. B safari moja, A mbili za 1.5, C mbili za 2, zote kuanzia njia panda na kusogea baada ya kusomwa. Safari ya 6 ni makalavati ya C kwa kamera iliyolala nyuzi 45. Betri ya 7 naazima, ya akiba. Picha za msingi seti mbili, saa mbili u nusu asubuhi na saa kumi alasiri. Wasomaji watatu. Zoezi limekuwa la siku mbili badala ya asubuhi moja. Faili ya njia nimeiambatisha.

#28 FundiMapanga

Ongeza turubai la mita 1 kwa 1 la kurushia, vumbi la huko linaingia kwenye mota. Na dira isirekebishwe karibu na gari wala juu ya kalavati yenye nondo.

#29 BiRamani

Nimeifungua faili. Kaka, njia panda yako imekaa porini, karibu mita 300 kaskazini ya barabara. Umechukua viwianishi kwenye ramani ya zamani ya karatasi, sivyo? Zile ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi, nawe umeziingiza kama WGS 84, mfumo wa GPS. Kwenye programu ya ramani ya QGIS ziite EPSG:21037 (namba ya Arc 1960) kwanza, ndipo uzigeuze kuwa 32737 (ya WGS 84). Usizisogeze kwa mkono.

#30 Dira_ya_Tudor

Ni ramani ya karatasi, ndiyo. Nimegeuza. Sasa njia panda imekaa juu ya njia panda.